Mshale Usiogeuka

Ukifika mtaa wa Cimpunda, kule mlimani, ukamuulizia Aganze, watu watakuuliza Aganze yupi. Ukisema Haitikisike, hata muuza makala ataacha gunia lake akuonyeshe nyumba. Jina hilo alijipa mwenyewe. Kila alipomaliza kufunga antena juu ya bati la mtu, aliishika nguzo yake kwa mikono miwili, akaisukuma kwa nguvu zote mbele ya mwenye nyumba na majirani waliokusanyika chini, kisha akasema, "Haitikisike." Na kweli haikutikisika. Mvua za mwezi wa nne zilishusha kuta za watu kule mteremkoni, upepo ukabeba mabati mpaka uwanja wa kanisa, lakini nguzo za Aganze zilibaki zimesimama kana kwamba ndizo zilizoshikilia mlima.

Alikuwa na miaka ishirini na sita, mkavu wa mwili, mwepesi wa kupanda na mwepesi zaidi wa kujibu. Neno likimgusa, lilikuwa halijatua bado naye ameshalirudisha. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimnyamazisha: sauti ya Préfet Modeste.

Préfet alikuwa mkuu wa shule ya sekondari alikosoma Aganze. Katika mwaka wa nne, kwenye mtihani wa fizikia, Aganze alijaza kurasa tatu kujibu swali ambalo halikuulizwa. Swali lilisema wachague moja kati ya mawili. Yeye aliona neno moja, akaruka juu yake na kalamu. Préfet aliingia darasani siku ya kurudisha karatasi, akamwambia asimame, akasema, "Soma swali." Aganze akasoma. "Tena." Akasoma. "Mara ya tatu, ili wenzako basikie kitu chenye hukusikia weye." Darasa lote lilicheka, na kicheko kile Aganze alitoka nacho shuleni mwaka uliofuata, akakibeba miaka kumi.

Kwa hiyo simu ilipolia mwezi wa sita, sauti ile ikasema, "Ni mimi, Modeste. Banasema weye njo technicien wa mambo ya juu," Aganze alijikuta amesimama wima katikati ya chumba, kisigino kwa kisigino, simu sikioni.

"Ndiyo, Préfet."

"Niko na kitu kidogo cha kufunga ku kichwa ya mulingoti. Kuya Jumamosi."

Alipokata simu, Aganze alicheka peke yake. Muzee alikuwa na watoto wenye diploma, mmoja Ulaya, lakini ilipofika mahali pa kupanda alimwita yeye.

Nyumba ya Préfet ilikuwa Nguba, chini kabisa, bustani yake ikiishia ukingoni mwa ziwa. Alipostaafu alinunua mashua ndogo ya tanga kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa nyeupe, ina mlingoti wa aluminiamu wenye urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, na ilikaa mita ishirini kutoka ukingoni, imefungwa puani kwenye boya. Préfet alikuwa akijifunza kuiendesha kwa kitabu. Mtu aliyeitunza, akaiosha na kuivuta wakati wa dhoruba, ni Zagabe, zamu, yaani mlinzi, wa nyumba kwa miaka kumi na mmoja, mtu wa kijiji cha Mumosho, mpole, mwenye mikono mipana iliyojaa alama za kamba.

Jumamosi ile ukingo ulijaa watu. Wanawake waliokuwa wakifua walisimamisha kazi, wauza sambaza, wale dagaa wa ziwani, wakaweka chini beseni zao. Mtu kupanda mlingoti si jambo la kila siku. Préfet alifungua sanduku dogo lililotumwa na mwanawe, akatoa kitu chenyewe: mshale mweusi mwembamba, mkia mwekundu, umekaa juu ya ncha ya chuma nyembamba kama sindano.

"Girouette," alisema Préfet. "Inaonyesha upepo unatoka wapi. Na karatasi yake iko hapa. Tuisome kwanza, dakika tano tu."

Aliikunjua. Aganze aliiona ile karatasi, akauona ule mkono ulioishika, akasikia darasa zima nyuma ya kisogo chake.

"Préfet," alisema, kwa sauti ya kufika mpaka kwa wafuaji, "mimi kazi yangu naisomaka na mikono."

Wanawake wakacheka. Aganze akaichukua karatasi kwa heshima zote, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa nyuma wa jeans yake.

Aganze na Zagabe walipiga kasia kwa mtumbwi mpaka kwenye mashua. Zagabe akamkalisha juu ya kibao kilichofungwa kwenye kamba ya kupandishia tanga, akamfunga mkanda kiunoni, akakagua fundo mara mbili.

"Petit, usiangalie chini sana."

"Papa Zagabe, miye nilizaliwa juu. Vuta."

Zagabe akavuta, akizungusha kamba kwenye kipipa cha chuma, na Aganze akapanda taratibu, mpaka Nguba yote ikawa chini ya miguu yake, mabati na miparachichi, na ng'ambo ya maji vilima vya Rwanda.

Kule juu alifunga kitako cha mshale kwa skrubu mbili. Kisha akaugusa mshale wenyewe, nao ukayumba. Akaupulizia, ukazunguka kama kichwa cha mlevi. Akakunja uso. Antena zote alizowahi kufunga zilitoka kwenye katoni zimelegea. Kiwanda hulegeza, fundi hukaza, ndiyo sababu ya fundi kuwepo. Na antena huelekezwa kule inakotoka ishara. Upepo ulikuwa ukitoka mbele, mbele kabisa ya pua ya mashua. Basi akauelekeza mshale mbele, akafumba jicho moja kupima, akatoa gundi yake ya mirija miwili, ile aliyoitumia kwenye mabati yanayovuja, akaichanganya juu ya kipande cha plastiki, akaipaka kwenye ncha, akajaza. Akashikilia mpaka ikaanza kushika.

Kutoka chini Zagabe aliita, kwa sauti ya kawaida, "Petit, hiyo kintu haipashwe kuzunguka?"

"Papa Zagabe, weye shika kamba. Ukitaka kintu ya kuzunguka, ununue ventilateur ya kupepea."

Kicheko kilipanda kutoka ukingoni mpaka kileleni. Zagabe naye alitabasamu kidogo, akainamisha kichwa.

Aganze akaushika mshale kwa vidole viwili, akausukuma ili wote waone. "Haitikisike," alisema.

Aliposhuka na kurudi ukingoni, Préfet alilowesha kidole mdomoni, akakiinua hewani, akatazama juu, akatazama mbele. "Exact," alisema. "Mbele. Exact kabisa." Akampa mkono. "Bravo, Aganze. Bravo."

Siku hiyo Aganze alipanda kwa miguu kutoka Nguba mpaka Cimpunda, na hakuhisi mlima.

Wiki nzima Préfet alikunywa chai yake barazani akiutazama mshale, na wiki nzima mshale ulimwambia kweli. Upepo wa asubuhi ukitoka nchi kavu, mshale ulitazama nchi kavu. Upepo wa mchana ukitoka ziwani, mshale ulitazama ziwa. Alimpigia Aganze simu siku ya tano ili kumsifu tu, na Aganze aliiweka simu kwenye sauti kubwa, wateja wake wasikie.

Jumapili, baada ya Misa, Préfet alitoka ziwani pamoja na Zagabe. Jumatatu asubuhi Aganze alikuwa juu ya bati la mtu alipopata habari: muzee amepigwa na bomba la tanga, amevunjika mtulinga, nusura azame.

Alinunua mananasi mawili, akavaa shati la pasi, akashuka Nguba kumwangalia mgonjwa kama inavyotakiwa.

Sebuleni Préfet alikuwa amekaa kwenye kiti kikubwa, mkono wa kushoto umefungwa kifuani, uso wa majivu. Valérie, binti yake mkubwa, aliyefanya kazi katika ofisi ya shirika moja mjini, alikuwa amesimama. Mlangoni alisimama Zagabe, kofia mkononi. Hakuna aliyemwambia akae.

"Technicien anafika wakati muzuri," alisema Valérie. "Papa Zagabe, rudilia mbele yake. Rudilia vile ulisema."

Zagabe alikohoa. "Tulienda na moteri, upepo ikitupiga mu macho. Kwa kurudi Préfet akasema tuzime moteri, tupandishe tanga. Mimi nilishika usukani. Nilifuata mushale."

"Mushale ulisema nini?"

"Ulisema upepo iko mbele."

"Na upepo ulikuwa wapi?"

"Nyuma, Maman."

Bila haja ya kitabu mtu angejua kilichofuata. Tanga likiwa limeshika upepo wa mgongoni, Zagabe aligeuza usukani kama mshale ulivyoamuru, kuukwepa upepo wa mbele ambao haukuwepo, upepo ukapita upande wa pili wa kitambaa, na lile bomba la chini la tanga likafagia mashua kutoka ubavu hadi ubavu. Lilimkuta Préfet amesimama. Alianguka majini na mkono mmoja usiofanya kazi, na Zagabe akaruka nyuma yake akiwa na viatu.

"Siku nane mushale unaonyesha muzuri," alisema Valérie. "Papa anauangalia kila asubuhi. Ile saa moja tu weye uko ku usukani, njo unadanganya?" Akamgeukia Aganze. "Ulifunga vile inafaa?"

Aganze alisimama wima. Macho yote yalikuwa kwake, ya Préfet pia, na neno lilitoka kabla halijapimwa.

"Maman Valérie, nilikaza mpaka mwisho. Ile kintu hata malaika hatikise."

Préfet alifungua kinywa, akakifunga, akaanza kurekebisha kitambaa cha mkono wake ambacho hakikuwa na kasoro. Zagabe alimtazama Aganze. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi.

Aganze aliweka mananasi yake mezani.

"Basi ni pombe ya kasiksi," alisema Valérie. "Unatoka Misa unapitia mu kasiksi, halafu unapeleka baba yangu ku maji."

"Sikunywaka, Maman. Miaka yote niko hapa, haujanionaka nimekunywa."

"Lete funguo."

Zagabe alitoa funguo za lango, za ghala na za mashua, akaziweka mezani moja moja, kando ya mananasi. Alimuaga Préfet kwa jina la cheo, akavaa kofia nje ya mlango. Alipopita karibu na Aganze alisema, "Bakia muzuri, petit."

Aganze alimhurumia. Hicho ndicho kitu ambacho baadaye kilimchoma kuliko vyote: kwamba siku ile, akipanda Cimpunda, alimhurumia Zagabe kama mtu anavyomhurumia mlevi.

Jumanne dada yake Larissa alikuwa akifua uani. Alitoa kitu kwenye mfuko wa jeans, akakikunjua kwa vidole vyenye povu.

"Haitikisike, karatasi yako nilitaka kuifua. Iko ya nini?"

"Ya ule mushale ya Préfet. Tupa."

Larissa hakutupa. Aliigeuza juu chini. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo nyumbani kwao hakuna aliyeijua, lakini chini yake palikuwa na picha: mshale, na kuuzunguka mshale, duara lenye vichwa viwili vidogo, kimoja kikienda huku, kingine kule.

"Kumbe inazungukaka," alisema Larissa, akarudi kwenye beseni lake.

Hakuwahi kuiona mashua ile. Hakumaliza hata darasa la sita. Aliangalia kwa muda wa kupangusa pua.

Aganze aliichukua karatasi. Aliikodolea macho kama mtu aliyekutana na picha yake mwenyewe akiwa uchi. Mashua iliyofungwa puani hugeuka yenyewe kuutazama upepo, kama mbuzi aliyefungwa kamba hugeuka kumtazama anayemvuta. Pua ilikuwa ikifuata upepo, na mshale, uliogandishwa juu ya pua, ulikuwa ukibebwa tu. Siku nane ulisema kweli bila kujua kitu. Siku mashua ilipofunguliwa, ukaendelea kusema neno lilelile moja ulilotiwa kinywani na Aganze: mbele, mbele, mbele.

Na Zagabe alikuwa amemuuliza. Mbele ya watu wote. Haipashwe kuzunguka?

Siku tatu zilipita. Angeweza kushuka Nguba siku ya kwanza, na kila asubuhi alivaa viatu kwa nia hiyo. Lakini kila alipofika barabara kubwa aliliona darasa. Aliona kurasa tatu za jibu la swali ambalo halikuulizwa. Angesema nini? Kwamba miaka kumi imepita na hajasoma bado? Akageuka. Alhamisi alimaliza kufunga antena ya mama mmoja, akaishika nguzo kwa mikono miwili, majirani wakimngoja aseme, naye kinywa kikakataa. Alishuka ngazi bila neno. Watu walidhani anaumwa.

Ijumaa akili yake ilimletea njia ya kupenya. Angepanda tena, kama fundi anayekagua kazi yake. Angebandua gundi, mshale ungezunguka, na hakuna mtu angejua ulikuwaje jana. Zagabe angebaki nje, ndiyo, lakini huenda baadaye, taratibu, angemwombea kwa Valérie. Alifurahia wazo hilo kwa muda wa nusu saa. Kisha akakumbuka kwamba mtu hawezi kujipandisha mwenyewe mlingotini. Lazima awepo wa kushika kamba chini, na mikono iliyoijua kamba ile ilikuwa Mumosho.

Kwanza alipita Nguba. Valérie alimsikiliza langoni akieleza kwamba anataka kupanda kukagua mshale.

"Entretien, sawa. Lakini yule mutu asirudi hapa. Tafuta mwingine."

"Maman, kule juu ni mifupa yangu. Nataka yeye."

Valérie alimtazama kwa makini. "Na weye unamuamini?"

"Ndiyo."

"Mutu wa kasiksi?"

Hapo palikuwa mlango wazi. Alihitaji maneno manne tu kuupita. Akasema, "Nitamuangalia vizuri," na aliposikia sauti yake mwenyewe ikisema hivyo aligeuka upesi akaondoka.

Mumosho alimkuta Zagabe shambani, akipalilia maharage kwenye mteremko unaoutazama mto Ruzizi. Mke wake alikuwa mstari wa pili. Wote wawili waliinuka, wakamsalimia, mama akaenda kumtafutia maji ya kunywa.

"Papa Zagabe, nakuomba unipandishe tena ku mulingoti. Kesho. Entretien."

Zagabe aliegemea jembe. "Entretien ya nini?"

"Ya mushale. Nione kama bado imekaza."

Mto ulisikika chini.

"Aganze," alisema Zagabe, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Mimi nilikuwa chini yako. Nilikuona unatoa gundi."

Aganze alimsogelea. "Juu ya nini hukusema? Kule ku salon, juu ya nini hukusema?"

"Nilisema nilifuata mushale. Nani aliniuliza mushale ilifungwa namna gani? Balikuuliza weye." Akang'oa jani la gugu kwenye jembe. "Nikawaza, huyu kijana anaogopa mbele ya Maman Valérie, atasema kesho. Nikangoja Jumanne. Nikangoja Jumatano. Bibi yangu akaniuliza, unangoja nini ku njia? Nikamuambia, nangoja mugeni."

Mke wake alikuja na kikombe cha maji, akakitoa kwa mikono miwili. Aganze alikipokea, akakiweka chini bila kunywa.

"Nitakuya kesho," alisema Zagabe. "Kamba yangu haina kosa na mutu."

Jumamosi saa nne asubuhi ukingo ulikuwa na watu walewale, sabuni zilezile. Préfet alikuwa barazani, mkono kifuani. Valérie alisimama nyuma ya kiti, akimtazama Zagabe kila hatua. Zagabe hakumtazama mtu. Mashuani alimkalisha Aganze kwenye kibao, akamfunga mkanda, akakagua fundo mara mbili, kama siku ile ya kwanza. Mikono yake haikuwa na haraka wala hasira, na Aganze alitamani iwe nayo.

Akapanda. Hakusema amezaliwa juu.

Kule kileleni mshale ulimngoja, ukiitazama pua ya mashua. Upepo ulitoka ziwani, mbele. Ulikuwa sahihi kama kawaida. Aganze alitoa kisu, akaanza kukata gundi kidogo kidogo, na vipande vikaanguka majini bila mtu kuviona. Kazi ya dakika kumi. Alipokata kipande cha mwisho, mshale ulitetemeka, ukateleza kushoto, ukarudi, ukatulia, ukiwa hai. Imekwisha. Alichotakiwa kufanya sasa ni kusema "shusha."

Akatazama chini. Alitaka kuona kama Zagabe ameviona vile vipande. Zagabe hakuwa akitazama juu. Alikuwa ameinama juu ya kamba, ameizungusha mara mbili kwenye kiganja, macho yake yote kwenye kamba ile, kana kwamba duniani hakuna kingine, kana kwamba mtu aliyening'inia juu yake ni mtoto wake.

"Préfet," aliita Aganze.

Sauti ilimtoka nyembamba. Wafuaji walinyanyua vichwa.

"Préfet, nilipaka gundi. Ule mushale inapashwa kuzunguka, mimi niliipaka gundi isizunguke. Siku ile Papa Zagabe aliniuliza, nikamucheka mbele ya batu. Karatasi sikuisoma. Ilikuwa bongo yangu, siyo yake. Mimi njo nilikuvunja mutulinga."

Hakuna aliyecheka. Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Angejua pa kukiweka. Ukimya ule haukuwa na mahali pa kuwekwa. Alining'inia mahali palepale alipojisifu, kila mtu akimwona, hana pa kuficha hata miguu.

Préfet aliinuka kwenye kiti, akashuka bustani hatua kwa hatua mpaka majini. "Tangu lini unajua?"

"Tangu Jumanne."

Hilo lilikuwa gumu kuliko gundi. Ukingoni mwanamke mmoja alisema polepole, "Siku zote hizo, na muntu amefukuzwa."

"Karatasi iko wapi?"

"Iko mu mufuko."

"Soma."

Aliitoa. Ilikuwa imekauka ikakunjamana. Alisoma kilichosomeka, yaani picha, kwa sauti: "Kuko mushale. Kuko duara inauzunguka. Inaenda huku, inaenda na kule." Alingoja aambiwe tena. Aliona bora aambiwe tena, hata mara mia.

Lakini Préfet alikuwa amemgeukia Zagabe.

"Zagabe aliniambia," alisema, si kwa Aganze, wala si kwa Valérie hasa, bali kwa maji. "Kule ziwani aliniambia, Préfet, nasikia upepo ku shingo. Nikamuambia shingo yako haijue kitu, mushale ni wa Ulaya. Akageuza juu ya amri yangu." Akaugusa mkono wake uliofungwa. "Na mu salon nikanyamaza."

Valérie alimtazama baba yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza bila miwani. Kisha aliingia ndani, akarudi na funguo, akashuka nazo mwenyewe mpaka ukingoni, akazinyoosha kwa mikono miwili kuelekea mashua. "Papa Zagabe," alisema. "Utusamehe."

"Ngojeni nishushe mutu kwanza," alijibu Zagabe.

Akamshusha. Taratibu, bila kumtikisa. Miguu ya Aganze ilipogusa mashua, alinyoosha mkono. Zagabe alikuwa akikunja kamba, mkunjo juu ya mkunjo, na mikono yake ilijaa.

"Papa Zagabe."

"Kuna siku tutaongea," alisema Zagabe. "Leo siyo siku."

Alipiga kasia kumrudisha ukingoni, akapokea funguo kutoka kwa Valérie, akainamisha kichwa kidogo, akaenda kufungua ghala kama mtu aliyechelewa kazini. Préfet alikuwa amekaa kwenye jiwe, mgongo kwa watu. Aganze alipita nyuma yake. Hakuna aliyemsimamisha, na hilo pia aliliona ni haki.

Mlima wa Cimpunda siku ile aliuhisi wote, jiwe kwa jiwe. Upepo ulikuwa umepata nguvu. Nguo zilizoanikwa zilipepea, mifuko ya plastiki iliruka juu ya mabati, majani ya migomba yakageuka yote upande mmoja. Juu ya nyumba, moja baada ya nyingine, antena zake zilisimama hazigeuki. Hakuzitazama.

Karibu na nyumbani mama mmoja, jirani, alimwita kutoka mlangoni, katoni mpya mikononi.

"Haitikisike, weye njo nilikuwa nangoja. Bamenitumia kintu kutoka Bujumbura, sijue kama ni ya juu ao ya ndani. Kuya uikaze."

Alisimama. Jina lilimpiga usoni kama maji baridi. Alitaka kusema anaumwa. Aliitazama katoni.

"Maman," alisema, "karatasi yake iko mu katoni?"

"Karatasi?" Mama akacheka, akampiga begani. "Tangu lini weye unauliza karatasi?"

Aganze alikaa kwenye kizingiti cha mama yule, akaifungua katoni juu ya magoti, akaitafuta karatasi.